Dearfield: ardhi ya bure, maji ya wenyewe

Swali limetoka kwa msomaji aliyeko Colorado, Marekani: "Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mtu wa Fizi, Kongo, nilikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka mingi kabla ya kuletwa huku. Sasa naishi Greeley, nafanya kazi kiwanda cha nyama, na Jumapili napita barabara ya 34 kwenda Fort Morgan kusali na ndugu zetu. Katikati ya safari, mahali pasipo na kitu, kuna vibanda vya mbao vilivyochakaa na jiwe la kumbukumbu. Mwenzangu wa kazini anasema ulikuwa mji wa watu weusi, serikali iliwapa ardhi bure, wakaiacha. Mimi nimelima tangu utoto. Sijaona mtu anayepewa ekari 320 halafu anazitupa. Walifukuzwa, au walishindwa kazi?"

Marahaba, ndugu yangu. Mwenzako hakukudanganya. Ila katika maneno yake kuna moja linalopotosha, na nadhani ndilo lililokukera hata ukaniandikia: hilo "bure". Nitakaa hapo muda mrefu kuliko kwingine, univumilie.

Mahali unapopita panaitwa Dearfield. Kiswahili kina neno lake kwa pahala pa namna hiyo, mahame, yaani mji ambao wenyewe wamehama zikabaki alama. Wakulima wa kwanza walifika mwaka 1911, wengi wao wakitoka mjini Denver. Kufikia mwaka 1920 palikuwa na wakazi kati ya 200 na 300, makanisa mawili, shule, duka la vyakula, mhunzi, mgahawa, kituo cha mafuta, na ukumbi wa dansi uliowavuta watu kutoka Denver mwisho wa wiki, safari ya maili 70 hivi. Kwingine utasoma kwamba walikuwa 700. Hiyo ni hesabu aliyopenda kuitaja mwanzilishi mwenyewe, na mwanzilishi wa mji ni kama mchuuzi wa samaki, mizani yake huwa nzito kidogo upande wake. Mwaka 1940 walikuwa wamebaki watu 12.

Mwanzilishi huyo ni Oliver Toussaint Jackson. Alizaliwa Oxford, Ohio, mwaka 1862, mtoto wa watu waliowahi kuwa watumwa, na jina lake la kati ni la Toussaint Louverture, yule aliyewaongoza watumwa wa Haiti wakawashinda mabwana zao. Alifika Colorado mwaka 1887. Kilimo hakikuwa kazi yake kuu. Alikuwa mtu wa mapishi na karamu, aliyejulikana Denver na Boulder kwa migahawa na kwa kuwaandalia wakubwa chakula. Baadaye akawa tarishi katika ofisi ya gavana wa jimbo, kazi aliyoifanya chini ya magavana kadhaa.

Usiidharau kazi ya tarishi. Mtu anayekaa nje ya mlango wa gavana, anayepokea barua na kuingiza wageni, ndiye anayejua faili fulani liko kabati lipi na karani yupi huulizwa nini. Gavana John Shafroth alimsaidia kupata njia katika mambo ya ardhi ya umma, na mwaka 1910 Jackson akaandikisha ekari 320 kwenye nyika ya kaunti ya Weld. Daktari mmoja mweusi wa Denver, Joseph Westbrook, ndiye aliyependekeza jina: haya yatakuwa mashamba yetu, alisema, na yatakuwa azizi kwetu. Dearfield, ukiligeuza Kiswahili, ni hilo tu, shamba azizi.

Wazo lenyewe Jackson alilitoa kwa Booker T. Washington, mwalimu na kiongozi wa weusi wa Marekani, ambaye kumbukumbu za maisha yake zilichapishwa mwaka 1901. Jackson alizisoma akaamini kwamba mtu mweusi akiwa na ardhi yake na jasho lake, heshima itamfuata yenyewe. Washington huyo, katika hotuba yake ya Atlanta ya mwaka 1895, alisimulia kisa cha meli iliyopotea baharini, watu wanakufa kwa kiu. Wakaona meli nyingine, wakapandisha ishara: maji, tunakufa! Wakajibiwa: teremsheni ndoo hapo hapo mlipo. Wakaomba tena, jibu likawa lile lile. Mwishowe nahodha akateremsha ndoo, ikapanda na maji matamu, kumbe walikuwa kwenye mdomo wa mto Amazon. Washington alikuwa akiwaambia weusi wasiukimbie ukanda wa Kusini. Jackson akalichukua fundisho hilo akaenda nalo nyikani Colorado. Hotuba hiyo nimeifundisha miaka mingi, na kila nikifika kwenye ndoo nakumbuka Dearfield. Kule mto ulikuwepo, na ndoo ilikuwa mkononi. Kilichokosekana ni ruhusa ya kuchota.

Sasa tuje kwenye "bure".

Sheria ya mwaka 1862 iliruhusu mtu kujiandikishia ekari 160 za ardhi ya umma kwa ada ndogo. Sharti ajenge nyumba, akae, alime kwa miaka 5, kisha alete mashahidi, ndipo apewe hati. Mwaka 1909 sheria ikabadilishwa: katika majimbo makavu mtu aliweza kupewa ekari 320. Mwaka 1912 miaka 5 ikawa 3, na mkulima akaruhusiwa kuwa nje ya shamba miezi 5 kila mwaka. Wewe umelima, hebu itazame safari ya sheria hiyo. Serikali inapokuongezea shamba mara mbili, ikakupunguzia muda, na juu yake ikakupa likizo, ujue nafaka imeshaondoka ghalani, kilichobaki ni makapi. Ekari 320 zilitolewa kwa sababu wakubwa wenyewe walishakubali kwamba 160 zisizo na maji haziwezi kulisha familia.

Na hata hayo makapi yalikuwa na wenyewe kabla. Nyika hiyo ilikuwa ya Wacheyenne na Waarapaho, makabila ya wenyeji wa asili. Mkataba wa Fort Laramie wa mwaka 1851 uliitambua kuwa yao. Mkataba mwingine wa mwaka 1861 ukawasukuma kwenye kipande kidogo. Na tarehe 29 Novemba 1864 wanajeshi wa Colorado waliivamia kambi yao huko Sand Creek, wakaua hata wanawake na watoto. Watu wa Dearfield hawakuwa na mkono katika hilo, baadhi yao walizaliwa utumwani wakati huo huo. Lakini ukiulizwa bure ilitoka wapi, ilitoka huko.

Hayo ni ya ardhi. Kwenye maji ndiko kulikofungwa mlango.

Mji wako wa Greeley ulianzishwa mwaka 1870 na kundi la walowezi wa kizungu walioongozwa na Nathan Meeker. Kitu cha kwanza walichofanya ni kuchimba mifereji kutoka mto Cache la Poudre. Walowezi wengine wakafuata mfano huo kwenye mito yote ya karibu, ukiwemo South Platte, ule unaopita karibu na Dearfield. Colorado ilipoandika katiba yake mwaka 1876, ikaweka humo kanuni ambayo mkulima wa kwetu akiisikia hutikisa kichwa: aliyetangulia kuyatumia maji ndiye wa kwanza kupewa. Kuwa jirani wa mto hakukupi haki yoyote. Kinachoangaliwa ni tarehe. Na mwaka wa ukame watu hawapunguziwi wote kidogo kidogo. Mwenye tarehe ya 1870 anajaziwa mfereji wake mpaka atosheke, kisha wa 1871, kisha wa 1872, hivyo hivyo, na maji yakiishia kwa wa 1885, waliobaki nyuma wanatazama mchanga. Unaweza kuwa na shamba lililogusa ukingo, ukasikia mto usiku ukiwa kitandani, na ukishusha bomba ukapelekwa mahakamani.

Sasa mweke Jackson kwenye foleni hiyo. Amekuja na tarehe ya 1910. Maji ya kiangazi ya South Platte yalikuwa yameshagawanywa yote miaka mingi kabla yake. Kupata maji kulimaanisha kununua hisa kwa mtu mwenye tarehe ya zamani, na fedha hizo hakuna aliyekuwa nazo. Ndiyo maana nasema mwenzako alilitumia vibaya neno "bure". Walichopewa ni ardhi iliyonyimwa kitu kimoja tu, na kitu hicho ndicho chenye thamani. Tofauti ya bei kati ya shamba lenye haki ya maji na lisilo nayo katika kaunti ya Weld hata leo itakushangaza ukiuliza.

Mvua nayo? Upande huo wa Colorado hupata milimita 350 hivi kwa mwaka. Nyarugusu ulikokaa hupata zaidi ya mara mbili ya hizo. Tena huku sehemu ya hizo 350 huanguka kama theluji, na sehemu nyingine kama mvua ya mawe ya Julai inayoweza kulilaza shamba la mahindi kwa dakika kumi.

Hawakwenda kwa ujinga, hata hivyo. Wakati huo kilimo cha ukavu kilikuwa habari ya mjini. Mwaka 1907 ulifanyika Denver mkutano mkubwa wa kukitangaza, na mtu aliyeitwa Hardy Campbell alikuwa akizunguka akiuza zana zake za shamba na mafundisho yake. Njia yenyewe ilikuwa hivi: unalima kwenda chini sana ili maji yapate pa kujificha, kisha unaupondaponda udongo wa juu mpaka uwe kama unga, ndio blanketi la kuzuia unyevu usipande na kupotea. Ikinyesha, hata manyunyu, unaingia tena na haro, chombo chenye meno cha kuvunjia madongoa, kabla jua halijaugandisha udongo. Na kila mwaka unaacha nusu ya shamba bila kupandwa, ili iweke akiba ya maji ya mwaka ujao. Kwa hiyo ekari 320 zako, ukizipiga hesabu, ni 160 za kuvunwa. Tena unazihudumia zote, maana hizo zilizolala nazo zinatakiwa kupigwa haro zisiote majani. Katika miaka ya mvua nzuri njia hii ilileta mavuno, hilo halina ubishi. Lakini nadhani umeshaona jambo jingine humo: mkulima aliyefuata mafundisho barabara ndiye aliyekuwa na vumbi laini kuliko wote juu ya shamba lake siku upepo ulipokuja.

Majira yao ya baridi ya kwanza ni kisa cha kusimuliwa peke yake. Familia zilizokuja mwaka 1911 zilikuwa 7. Jackson mwenyewe alieleza baadaye kwamba walikuwa maskini kupita kiasi: wapo ambao hawakuwa na nauli ya kusafirisha vyombo vyao, na wapo waliolipa garimoshi mpaka pale senti zao zilipoishia, wakatembea kwa miguu sehemu iliyobaki. Nyumba za mbao zilikuwa 2 tu. Wengine walilala kwenye mahema, wengine kwenye mashimo waliyochimba ubavuni mwa vilima. Kuni hazikuwepo, maana nyika hiyo haina miti, ina majani na vichaka vya kijivu vinavyonukia. Wakawa wanakoka moto kwa vichaka hivyo na kwa samadi kavu ya nyati. Walikuwa na farasi 6. Watatu wakafa kwa njaa, na watatu waliosalia walidhoofu hadi hawakuweza kuvuta gari, na gari lenyewe halina kitu ndani.

Wewe umekwisha kukaa majira ya baridi Greeley, ukiwa na hita na koti la kazini. Piga picha ya hema kwenye upepo ule.

Hakuna aliyewaonyesha kazi, kwa sababu kati yao wachache sana walikuwa wamelima sehemu kavu. Denver walikuwa wapishi, wafua nguo, watumishi wa majumbani, wahudumu wa mabehewa ya kulala ya garimoshi. Wapo waliojua pamba ya Kusini, lakini pamba ya Kusini na nyika ya Colorado ni mbingu na ardhi. Kilichowaweka hai miaka ya mwanzo ni mishahara. Mume anabaki Denver akifanya kazi yake, au anakwenda kuwa kibarua kwenye mashamba yaliyomwagiliwa ya wazungu, na fedha inatumwa kununua mbegu na mbao. Ile likizo ya miezi 5 ya sheria ya 1912 ilikuwa na maana kubwa hapo. Mke na watoto wanabaki kushikilia madai ya shamba, kwa sababu shamba lisilo na mtu lingeweza kupingwa na mwingine. Ninaposoma habari za Dearfield naona jina la Jackson kila ukurasa, na sina ugomvi nalo, lakini waliopiga haro baada ya kila manyunyu kwa sehemu kubwa ni wanawake ambao majina yao hayamo kwenye jiwe unalopita. Kwenu Fizi hilo si geni.

Basi wakasimama. Kufikia mwaka 1915 zilikuwepo familia 27 na nyumba za mbao 44. Walivuna mahindi, shayiri, viazi, maharage, maboga, matikiti maji, viazisukari, na majani ya mifugo. Kisha ikaja bahati iliyotokana na balaa la wengine: vita vya kwanza vya dunia. Ulaya haikuwa ikilima, na serikali ya Marekani ikawahakikishia wakulima bei ya ngano ya zaidi ya dola 2 kwa busheli, yaani kilo 27 hivi. Na mvua za miaka hiyo zilikuwa nzuri kwa kadiri ya mahali pale. Kuanzia 1917 hadi 1921 ndio wakati wa Dearfield. Makanisa yalijaa, ukumbi ulicheza, watoto walisoma, na Jackson alitembea akieleza mipango: kiwanda cha kusindika mboga, chuo, na mengineyo.

Vita vikaisha, Ulaya ikarudi shambani, na mwaka 1921 ngano ikashuka hadi dola 1 hivi. Hapo ndipo wengi wanaosimulia kisa hiki wanapokosea, kwa maoni yangu. Hukimbilia moja kwa moja miaka ya 1930 na dhoruba za vumbi, kwa sababu picha zake zinatisha na zinajulikana. Dhoruba zile zilikuwa kweli. Lakini kitovu chake kilikuwa kusini zaidi, pembe ya kusini-mashariki ya Colorado ikishikana na Kansas, Oklahoma na Texas. Dearfield ilianza kuvuja kabla ya hapo, kimya kimya, tangu bei ilipoanguka. Mwenye shamba la mfereji bei ikishuka nusu hulalamika, akapanda viazisukari zaidi, akangoja mwaka ujao. Asiye na mfereji anahitaji bei na mvua vyote kwa pamoja, mwaka baada ya mwaka. Kikikosekana kimoja, anarudi Denver kutafuta mshahara wa kukilipia. Kwanza anarudi kwa miezi mitano. Halafu kwa majira yote ya baridi. Halafu mtoto anaandikishwa shule ya huko. Ukame na mdororo wa uchumi vilipofika, viliwakuta waliobaki, navyo vikamaliza.

Umeuliza kama walifukuzwa. Dearfield haikuchomwa moto. Nalisema hili waziwazi kwa sababu mwaka 1921, tarehe za mwisho wa Mei na 1 Juni, mtaa wa weusi wa Greenwood huko Tulsa ulichomwa na umati wa wazungu, na watu huchanganya visa. Kwenye nyika ya Weld majirani weupe na weusi walikuwa na shida zile zile za upepo na mvua ya mawe, walikodishana mashine na kuajiriana. Lakini usidhani hali ya jimbo ilikuwa ya upole. Mwaka 1924 Clarence Morley, mtu wa Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi, alichaguliwa kuwa gavana wa Colorado, akaketi kwenye ofisi ile ile ambayo Jackson alikuwa tarishi. Na foleni ile ya tarehe niliyokueleza haikuandikwa rangi ya mtu popote. Haikuhitaji. Mwaka 1870 mifereji ya Greeley ilipochimbwa, watu wengi wa rangi ya Jackson walikuwa na miaka mitano tu tangu watoke utumwani, hawana senti ya kununulia jembe. Kanuni ikisema "aliyetangulia", na wewe ulikuwa umefungwa mnyororo wakati wenzako wanatangulia, basi imeshakuhukumu.

Umeuliza pia kama walishindwa kazi. Wazungu waliokuwa na mashamba makavu kama yao, kwenye nyika hiyo hiyo na majimbo ya jirani, nao waliondoka kwa maelfu. Ukiendelea mashariki utakuta mahame yao mengi, ghala la nafaka limesimama peke yake na kanisa lisilo na madirisha. Ipo pia miji iliyoumizwa na reli kupita kando. Nicodemus ya Kansas, iliyoanzishwa na weusi mwaka 1877, ilipata pigo la namna hiyo mwaka 1888 reli ilipowekwa upande wa pili wa mto, na wafanyabiashara wakahamisha maduka yao kuifuata. Nicodemus haikufa kabisa, wapo watu wachache hadi leo, na kila mwaka mwishoni mwa Julai wajukuu hurudi kufanya sherehe ya ukombozi. Tofauti yake na Dearfield naiweka kwenye wakati: Nicodemus ilikuwa na vizazi viwili vitatu vya watu waliozikwa pale kabla ya shida kubwa, na watu hurudi yalipo makaburi ya bibi zao. Dearfield haikupata hata miaka kumi mizuri. Watoto waliozaliwa pale walikulia Denver.

Jackson hakuondoka. Alibaki na mke wake Minerva, akajaribu kila hila ya mtu wa karamu: mahali pa mapumziko, samaki, dansi, chakula kwa wapita njia. Alijaribu hata kuuza mji mzima, asipate mnunuzi. Minerva alifariki mwaka 1942. Binti wa ndugu yake, Jenny Jackson, akaja kumtunza mzee, ambaye alifariki Februari 1948 akiwa na zaidi ya miaka 80. Jenny akabaki pale, akiwa mkazi wa mwisho, hadi alipofariki mwaka 1973.

Sasa utaelewa kwa nini vilivyobaki ni hivyo unavyoviona na si vingine. Mgahawa na kituo cha mafuta vilikuwa kando ya barabara, na barabara ndiyo kitu pekee kilichoendelea kuleta fedha mashamba yalipokauka. Mpishi aliyekwenda nyikani kuwa mkulima alimaliza maisha yake akiuza chakula na mafuta kwa watu waliokuwa safarini kati ya Greeley na Fort Morgan, kama wewe. Nyumba yake ni moja ya zile zilizosimama. Tangu mwaka 1995 eneo hilo limo kwenye orodha ya taifa ya mahali pa kihistoria, na sehemu kubwa ya viwanja inamilikiwa na jumba la makumbusho la weusi wa Magharibi lililoko mtaa wa Five Points, Denver. Chuo kikuu cha hapo hapo Greeley kimefanya uchimbuzi pale, wakaokota vitu vya jikoni, vioo na vifungo vya nguo. Ukipata siku ya mapumziko, waulize. Hawamfukuzi mtu, na atakayewaeleza kilimo cha jembe la mkono kwa ufasaha watamkalisha kwenye kiti.

Jumapili ijayo ukitaka kusimama, egesha gari mbali na lami, malori yale hayana huruma. Usiingie kwenye majengo, mbao zimeoza, na miezi ya joto kuna nyoka. Inama uchote udongo, uubane kiganjani kama tunavyoubana kujua kama shamba litashika maji. Utauona unavyochuruzika katikati ya vidole. Kisha geuza uso kaskazini, si mbali: ule mstari wa miti mirefu ndio mto.